Sura ya Sita: Ngozi ya Mkaa

Katika Mkoa wa Katavi, ambako mkaa wa miti ya miyombo huuzwa kwa gunia na kwa kopo, na ambako wachimbaji wadogo huchimba dhahabu si mbali na mji wa Mpanda, ni rahisi kuelewa kwa nini mtu huuliza: ikiwa mitambo ya kuchenjua dhahabu hutumia mkaa, kwa nini wenye mitambo wanunue mkaa wa vifuu vya nazi unaoletwa kwa meli kutoka nchi kama Sri Lanka, India na Ufilipino, ilhali katika majiko ya kata ya Nsemulwa umo mkaa mweusi vilevile? Swali hilo huzaa jingine lililo gumu zaidi, nalo ni kama mkaa unaonasa dhahabu ndio huohuo unaoweza kuondoa madini ya sumu katika maji. Majibu ya maswali yote mawili yamo katika sehemu ya mkaa ambayo jicho halifiki, yaani uso wake, ambao katika sura hii utaitwa ngozi, kwa sababu unabadilika kama ngozi inavyobadilika kwa jua na kwa umri huku mwili ulio chini yake ukibaki uleule.

Mkaa wa jikoni na kaboni ya mtamboni

Mkaa wa kupikia hupatikana kwa kuunguza kuni ndani ya tanuru la udongo, mahali ambapo hewa ni haba, kwa joto la takriban nyuzi 400 hadi 500 za Selsiasi. Maji na gesi za kuni huondoka, kaboni hubaki, lakini hubaki pamoja na lami inayoziba vitundu vingi vidogo vya mti, na ndiyo maana mkaa uliotolewa tanuruni mapema hutoa moshi jikoni. Kaboni ya mtamboni hupitia hatua ya pili: mkaa hupashwa joto la nyuzi 800 hadi 1,000 huku ukipulizwa mvuke wa maji, nao mvuke huo huila kaboni kidogo kidogo, husafisha lami na kuchimba vitundu vipya ndani ya vile vya zamani. Bidhaa inayotokana huitwa kaboni amilifu, yaani kaboni iliyopewa uwezo wa kutenda, ingawa mitamboni watu husema kaboni tu na wote wakaelewana.

Tofauti ya ukubwa wa ngozi kati ya mikaa hii miwili ni ya kushangaza. Gramu moja ya kaboni amilifu iliyo nzuri ina ngozi, ukijumlisha kuta za vitundu vyote, ya karibu mita za mraba 1,000, hivi kwamba kijiko kimoja cha chakula kilichojaa punje zake kina eneo linalokaribia uwanja wa mpira wa miguu. Mkaa wa jikoni hauufikii upana huo hata kwa mbali. Kuna pia sababu ya ugumu, ambayo kwa mwenye mtambo pengine ndiyo nzito kuliko zote: kifuu cha nazi hutoa punje ngumu zinazostahimili kukorogwa katika tope kwa siku nyingi, wakati mkaa wa miyombo ungesagika kuwa vumbi, na vumbi hilo lingetoka na tope la taka likiwa limebeba dhahabu ya mwenye mtambo.

Jibu la swali la kwanza, basi, ni upana na ugumu. Swali la pili halijibiwi na upana, na hapo ndipo jina la kaboni amilifu linapompoteza msomaji, kwa kumfanya aamini kuwa ni kitu kimoja chenye uwezo mmoja, kana kwamba ni sabuni.

Kunasa si kunywea

Sifongo hunywa maji, na maji huingia mwilini mwake mwote. Kaboni haifanyi hivyo. Kinachotafutwa hubaki juu ya kuta za vitundu, kimeshikwa usoni kama vumbi linavyoshika kwenye kioo au kama harufu ya samaki inavyong'ang'ania kwenye kikaango. Kitendo hiki cha kitu kilicho ndani ya maji au hewa kushikwa juu ya uso wa kitu kigumu kitaitwa hapa unasaji wa usoni, ili kisichanganywe na unyweaji wa sifongo. Mkemia Tobias Lowitz, aliyefanya kazi Saint Petersburg nchini Urusi, alitambua mwaka 1785 kwamba mkaa huondoa rangi katika vimiminika, na tangu hapo viwanda vya sukari, barakoa za kuzuia gesi ya sumu vitani na mitambo ya maji vimetumia uwezo huo.

Kwa kuwa kushikwa kwenyewe hutokea usoni, jambo linaloamua nani ashikwe na nani aachwe ni tabia ya uso. Kaboni iliyotoka kwenye joto la nyuzi 900 ina uso unaofanana na jani la gimbi: tone la maji likiangukia jani hilo hujikusanya kuwa kishanga na kuteleza. Uso wa namna hiyo hauyapendi maji, na kwa sababu hiyo huvipokea vizuri vitu ambavyo navyo havielewani na maji, kama vile mafuta, rangi nyingi za viwandani na harufu. Madini yaliyoyeyuka majini ni habari tofauti. Chembe ya risasi iliyo majini ni ioni, maana yake ni chembe iliyobeba chaji ya umeme, nayo imezungukwa na maji kama bibi harusi alivyozungukwa na wapambe. Haina sababu ya kuwaacha wapambe wake ili iende kwenye uso usioipa chochote. Ili iende, uso lazima uwe na kitu cha kuivuta.

Ndugu wa kutu

Uoksidishaji, kwa matumizi ya sura hii, ni kitendo cha oksijeni kujiunga na kitu kingine. Panga lililoachwa kwenye umande hupata kutu kwa sababu oksijeni imejiunga na chuma, na ndizi iliyomenywa hugeuka rangi kwa sababu ya oksijeni iliyoifikia nyama yake. Moto ni uoksidishaji wa haraka. Mkaa unaowaka jikoni unaoksidishwa mpaka ugeuke gesi na kubakiza majivu. Kinachofanywa kwa kaboni katika viwanda na maabara ni uoksidishaji uliozuiwa njiani: oksijeni huruhusiwa kuuma kingo za kaboni na kujipachika hapo, kisha kitendo husimamishwa kabla kaboni haijageuka gesi yote.

Neno kingo limetumika kwa makusudi. Ndani ya kaboni amilifu, chembe za kaboni zimejipanga katika vijikaratasi vyembamba sana vilivyokunjamana na kurundikana ovyo. Katikati ya kijikaratasi kila chembe imeshikana na wenzake pande zote, kwa hiyo haina haja ya mgeni. Pembeni, chembe zimebaki na mkono mtupu, na oksijeni huushika mkono huo. Wachimbaji wanaoijua baruti ya zamani wana mfano mzuri wa jinsi oksijeni inavyoweza kuletwa kwa njia nyingine zaidi ya hewa, kwa kuwa baruti hiyo ni mkaa na salfa vilivyochanganywa na shura, na ni shura inayobeba oksijeni inayouoksidisha mkaa kwa kishindo. Asidi ya nitriki ni jamaa wa karibu wa shura.

Njia zinazotumika zaidi ni hizi:

- Hewa yenye joto la nyuzi 300 hadi 400, joto lililo chini kidogo ya lile ambalo kaboni ingeshika moto. Ni njia ya bei nafuu, lakini inahitaji mtu anayeweza kulidhibiti joto, kwa kuwa kosa dogo hubakiza majivu.
- Asidi ya nitriki, ambamo kaboni huchemshwa kwa saa kadhaa. Ndiyo inayopachika oksijeni nyingi kuliko zote, na ndiyo yenye madhara mengi: hutoa moshi wa rangi ya kahawia ulio sumu kwa mapafu, hubomoa kuta nyembamba za vitundu, na huidai kaboni ioshwe tena na tena mpaka maji ya suuzo yasiwe na asidi.
- Haidrojeni peroksaidi, dawa ileile ambayo ikiwa imezimuliwa husafishia vidonda. Huuma kwa upole na baada ya kazi hubakiza maji tu, ila ngozi hubadilika kidogo.
- Ozoni, na chumvi za kundi la pasalfeti, ambazo huacha vitundu vikiwa salama zaidi kuliko asidi ya nitriki.

Kazi ya asidi ya nitriki si ya uani. Ikiwa kali na ikakutana na mkaa mkavu, mchanganyiko huo unaweza kuwaka wenyewe. Na palipo na sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, kama ilivyo katika mitambo ya dhahabu inayotumia kaboni, asidi yoyote ile inayomwagika juu yake huibua gesi inayoua kwa dakika chache.

Siki iliyopachikwa ukutani

Oksijeni iliyojipachika kwenye kingo haikai kwa umbo moja. Hujipanga pamoja na kaboni, na mara nyingi haidrojeni, katika mafungu madogo ambayo wakemia huyaita vikundi tendaji, kwa maana ya sehemu za kitu zinazofanya kazi kwa niaba ya kitu kizima. Maarufu kati ya vikundi hivyo ni kaboksili, ambacho msomaji anakifahamu kwa ulimi bila kulifahamu jina lake, kwa kuwa ndicho kinachoipa siki ukali wake. Kaboni iliyochemshwa katika asidi ya nitriki na kuoshwa vizuri ni kama kaboni iliyopachikwa siki kwenye kuta zake, siki isiyoweza kusuuzwa ikatoka. Vingine ni fenoli, asidi dhaifu zaidi, na laktoni, ambacho ni kama kaboksili iliyojikunja na kuunganika na jirani yake.

Mabadiliko yanayofuata ni makubwa kuliko kiasi cha oksijeni kinavyodokeza. Kaboni ambayo mwanzo ilikuwa na oksijeni ya asilimia chache tu ya uzito wake inaweza kuvuka asilimia 10. Uso uliokuwa kama jani la gimbi huanza kulowana, maji huingia vitunduni kwa urahisi, na kaboni iliyokuwa ikielea kwa ukaidi huzama. Chaji nayo hubadilika. Kila kaboksili huweza kuachia ioni yake moja ya haidrojeni majini na kubaki na chaji hasi, hivi kwamba katika maji ya kawaida ukuta mzima wa kitundu huwa na alama hasi nyingi zilizosimama kama miiba. Kaboni iliyotoka kwenye mvuke wa moto hubaki na chaji chanya katika maji ambayo pH yake, yaani kipimo cha uasidi ambacho 7 ndiyo katikati, haijapita 8 au zaidi; baada ya asidi ya nitriki, kaboni hiyohiyo huwa na chaji hasi kuanzia pH ya 3 au 4. Umbo la punje, rangi yake na mlio wake inapomiminwa havijabadilika.

Kuna gharama. Kuta zilizobomoka hupunguza upana wa ngozi, na vikundi vipya vinavyosimama kwenye midomo ya vitundu vyembamba huvibana, kama mlango uliozibwa na wageni waliosimama kizingitini. Kaboni iliyooksidishwa kupita kiasi huwa na vikundi vingi lakini vitundu vichache vya kuvifikia.

Kwa ufupi: mvuke huipa kaboni upana, uoksidishaji huipa tabia, na mara nyingi sehemu ya upana hutolewa kafara ili tabia ipatikane.

Kuhesabu kisichoonekana

Mjerumani Hanns-Peter Boehm aliweka njia ya kuhesabu vikundi hivi ambayo bado inatumika katika maabara nyingi, na uzuri wake ni kwamba inategemea vitu vya kawaida. Siki ikikutana na bikabonati ya soda, ile inayotumika katika mapishi, povu huonekana, kwa sababu asidi na bikabonati hujibizana. Boehm alitumia wazo hilo kwa hatua. Bikabonati, iliyo dhaifu, hujibizana na kaboksili tu. Kabonati ya sodiamu, iliyo na nguvu ya kati, huzifikia kaboksili na laktoni. Kostiki, iliyo kali, huzifikia hizo pamoja na fenoli. Sehemu tatu za kaboni moja zikilowekwa katika vimiminika hivi vitatu, kisha ikapimwa kila kimiminika kimebakiwa na nguvu kiasi gani, tofauti kati ya vipimo hutaja idadi ya kila kikundi. Ni hesabu ya kutoa, na mwanafunzi wa sekondari anayeijua titresheni angeweza kuifuata.

Risasi ya Mpanda

Mpanda inaijua risasi kuliko miji mingi ya Tanzania. Reli inayotoka Kaliua hadi Mpanda, tawi la Reli ya Kati, ilijengwa wakati wa ukoloni wa Kiingereza kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mukwamba, uliokuwa ukiendeshwa na kampuni ya Uruwira Minerals katika miaka ya 1950. Mawe ya eneo hilo yana risasi, fedha, shaba na dhahabu katika mishipa iliyo jirani au iliyoshikana. Kwa sababu hiyo Mpanda ni mahali panapofaa kuuliza jinsi kaboni inavyoyatofautisha madini hayo, hata bila kudai kwamba kisima fulani kina sumu, dai ambalo haliwezi kutolewa bila kupima.

Risasi iliyo ndani ya jiwe haidhuru maji sana. Jiwe likivunjwa, likasagwa kwa karasha na kuachwa juani na mvuani kama marudio, yaani mchanga uliokwisha oshwa dhahabu, hewa na unyevu huanza kulioksidisha jiwe lenyewe, na kiasi kidogo cha risasi huanza kuyeyuka. Kiasi kidogo kinatosha: Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 10 za risasi katika lita moja ya maji ya kunywa, na maikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu.

Hapa ndipo kaboni iliyooksidishwa inapoonyesha thamani yake. Ioni ya risasi ina chaji chanya mbili, ukuta wa kitundu una chaji hasi nyingi, na kaboksili mbili zilizo jirani zinaweza kuachia haidrojeni zao na kuishika risasi moja kati yao, biashara ya kubadilishana ambayo wakemia huiita ubadilishanaji wa ioni. Kaboni isiyooksidishwa, hata ikiwa na ngozi pana zaidi, hunasa risasi kidogo kwa kila gramu. Msomaji aliyezoea kuamini kwamba upana ndio kila kitu anapaswa kutua hapa, kwa kuwa ndicho kiini cha sura hii: kaboni yenye ngozi ndogo inaweza kuishinda yenye ngozi kubwa.

Biashara hiyo ina masharti. Maji yakiwa na asidi nyingi, chini ya pH ya 3 hivi, haidrojeni zilizomo majini huwa nyingi mno na kuzirudia nafasi zao, na risasi hukosa pa kushika. Ndiyo njia pia ya kuitoa risasi katika kaboni iliyoshiba, kwa kuiosha kwa asidi iliyozimuliwa. Maji yakisogea kuelekea upande wa magadi, risasi huanza kuganda yenyewe na kuanguka chini, na mtu asiye mwangalifu huisifu kaboni kwa kazi ambayo haikuifanya. Nayo maji yenye chokaa nyingi, yale yanayokataa kutoa povu la sabuni, huleta kalsiamu inayogombea viti vilevile, ingawa risasi hushika kwa nguvu zaidi.

Ngozi isiyotakiwa na dhahabu

Ingetarajiwa kwamba kaboni inayonasa risasi vizuri zaidi itanasa na dhahabu vizuri zaidi. Kinyume chake ndicho hutokea. Dhahabu iliyoyeyushwa kwa sianidi haitembei peke yake. Imebanwa kati ya sianidi mbili, na kwa pamoja zimebeba chaji hasi moja. Tena mtambo huwekwa chokaa ili pH ibaki juu ya 10, sianidi isigeuke gesi. Katika hali hiyo kaboksili zote zimeachia haidrojeni zao, ukuta umejaa chaji hasi, nayo dhahabu iliyovaa vazi hasi husukumwa. Kaboni inayofaa ni ile iliyotoka motoni na haikuguswa na oksijeni zaidi ya lazima, ambayo vijikaratasi vyake vitupu hukamata sianidi ya dhahabu ikiwa imeambatana na kalsiamu ya chokaa.

Njia hii ya kunasa dhahabu kwa kaboni ilianza kutumika kwa kiwango kikubwa mwaka 1973 katika mgodi wa Homestake, jimbo la South Dakota nchini Marekani, baada ya J. B. Zadra, wa Ofisi ya Madini ya nchi hiyo, kuonyesha katika miaka ya 1950 jinsi ya kuitoa dhahabu katika kaboni kwa kuichemsha katika maji yenye kostiki na sianidi, na hivyo kuifanya kaboni iweze kurudi kazini badala ya kuchomwa iwe majivu kila inaposhiba.

Harufu na uchafu wa viwandani hufuata mkondo wa dhahabu. Fenoli iliyoyeyuka majini, yenye harufu ya dawa ya kuulia vijidudu, hunaswa kwa kiasi pungufu na kaboni iliyooksidishwa, kwa sababu mbili zinazosaidiana: oksijeni huvuta umeme wa vijikaratasi kuuelekeza kwenye kingo, na maji yanayopenda kaboksili hujikusanya mlangoni na kuziba njia. Mtu anayetaka maji yasiyo na harufu wala risasi hawezi kuyapata kwa kaboni moja. Atalazimika kupanga tabaka mbili, la kwanza kaboni tupu, la pili iliyooksidishwa.

Uzee wa kaboni na namna ya kuurudisha nyuma

Uoksidishaji hautokei kwa makusudi tu. Kaboni mpya iliyoachwa wazi ghalani, hasa penye unyevu, hushika oksijeni ya hewa polepole, na baada ya muda mrefu uwezo wake wa kunasa dhahabu hupungua ingawa haijatumika. Tabia hiyohiyo ni hatari kwa uhai: kaboni iliyolowa ndani ya tangi lililofungwa huimaliza oksijeni ya hewa iliyomo, na mtu anayeshuka humo bila hewa kupulizwa kwanza anaweza kuzimia kabla ya kuhisi chochote. Kwa upande wa shamba, vipande vya mkaa vilivyobaki ardhini baada ya moto huoksidishwa kwa miaka, hupata kaboksili zao wenyewe, na huanza kushikilia kalsiamu na potasiamu ambayo mvua ingeichukua. Mkaa wa jikoni, usiofaa mtamboni, kwa hiyo una kazi chini ya mahindi.

Ngozi iliyozeeka hurudishwa kwa joto lisilo na hewa. Kaboksili huachia kwanza, nyingi zikiondoka kama kaboni dayoksaidi kati ya nyuzi 200 na 400 hivi. Fenoli na vikundi vigumu huvumilia zaidi na kuondoka kama kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua walalao na jiko la mkaa ndani, mpaka nyuzi 900 au zaidi. Katika migodi mikubwa, kaboni iliyotolewa dhahabu huoshwa kwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa ili kutoa chokaa, husuuzwa, kisha hupitishwa katika tanuri linalozunguka lenye mvuke na joto la takriban nyuzi 700, na mlango wa tanuri hilo ukiruhusu hewa kuingia, kazi yote hugeuka kuwa uoksidishaji mwingine. Hata pale hewa inapozuiwa kabisa, hakuna kikundi cha oksijeni kinachoondoka peke yake, kwa kuwa kila kimoja hung'oa na kuchukua chembe ya kaboni iliyokishikilia, na ndiyo maana kaboni iliyooksidishwa na kurudishwa mara kadhaa huwa nyepesi mizanini hata kama haikumwagika hata punje moja.